Ndevu Tatu za Barafu

Baba Anakle,

Leo ni Jumatano, jua liko kichwani, mtoto amelala. Nimekaa kwenye kibao chako nyuma ya dispensari, kile ulichokuwa unakalia ukikata utambi, maana nikiwa hapa nitamsikia akiamka. Hujambo huko ulipo? Sisi tupo. Sitasema tu wazima, kwa kuwa hukunizoesha kukudanganya.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kinyarwanda chetu ulikijua cha kuombea maji tu, na Kifaransa chako mimi sikukijua hata hicho. Tulikuwa na Kiswahili, chako cha Bukavu na changu cha soko la Mbarara, vikagombana mpaka vikazoeana.

Ni mwezi wa tatu tangu tukuweke nyuma ya kanisa la Rubondo. Unisamehe, tulichimba haraka. Wiki ile watu walikuwa wanapita barabarani na magodoro na sufuria, na wachimbaji wawili walikuwa wanageuka kila mara kuangalia kama ndugu zao wamo. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na mbuzi alisimama akavua kofia. Hakujua anamvulia nani. Nikasema moyoni, Baba angependa hiyo.

Tangu hapo mambo yamebadilika mengi. Uwanja wa mpira wa shule umejaa vibanda vya nyasi na maturubai. Wenzetu waliofukuzwa majumbani kwao wanaendelea kuja hapa kambini, wengine kutoka Endiinzi, wengine kutoka mbali zaidi, na wapo waliokwenda kambi ya Oruchinga kwanza wakakuta kumejaa. Bomba la maji lina mstari tangu alfajiri. Mume wangu, Baba Gasana, naye amerudi kutoka Endiinzi alikokuwa anachunga. Alirudi na fimbo. Ng'ombe hakuna hata mmoja, na hasemi walikwenda wapi. Anakaa mlangoni anaangalia barabara. Nikimwuliza anaangalia nini, ananijibu, "Naangalia tu."

Halafu kuna surua. Ilianzia kwenye vibanda. Kwanza mtoto anakohoa, kisha macho yanakuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi, kisha vipele vinatoka nyuma ya masikio na kushuka. Wiki ya kwanza nilisikia kilio mara mbili. Wiki iliyofuata nikawa nasikia kilio huku nachota maji, na sikuweka ndoo chini.

Sasa nikuambie kwa nini nimechukua karatasi leo. Ni kwa ajili ya neno lako. Ndevu.

Wewe unajua maana yake kuliko mimi, lakini acha niiandike, nione kama nimeishika vizuri. Ndevu ni barafu inayoning'inia. Si barafu ya vipande kama ile ya wauza soda wa Mbarara. Wala si ule weupe mwembamba unaojipaka kwenye kisanduku cha juu ndani ya friji, huo wewe uliuita unga. Ndevu zinashuka kutoka juu, nene pale zilipoanzia, nyembamba kuelekea chini, na kwenye ncha kuna tone lililotaka kuanguka likakamatwa njiani.

Uliniambia uliziona mara ya kwanza ukiwa kijana, unabeba mizigo ya Wazungu kupanda Ruwenzori kwa upande wenu. Zilikuwa zimening'inia kwenye jiwe, juu ya pango mlilolala, ndefu kama mkono wa mtu. Wenyeji wa mlima walikuwa na neno lao, lakini hukukubali kulisema huku chini. Ulisema lile ni neno la kule, halisemwi kwenye joto. Ninyi wapagazi mliziita ndevu. Wazungu walizivunja wakatia kwenye vikombe vyao, wakafurahi. Ninyi mliziangalia kwa macho mengine. Zikianza kudondosha, mnatoka chini ya jiwe hata kama chai haijachemka, maana kule juu kuna kitu kimelegea. Alikuwepo mwenzenu mmoja aliyebaki pale anacheka, anamalizia ugali wake. Hadithi yako iliishia hapo kila mara. Nilikuuliza jina lake mara mbili, na mara zote mbili uliniambia nikaangalie moto.

Moto wa friji. Siku ya kwanza niliposikia kwamba friji ile inapata baridi kwa kuchoma mafuta ya taa nilikucheka mbele ya watu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nimekuja na sikio linalotoa usaha, nangoja zamu. Hukukasirika. Ulinipa kioo chako cha kunyolea, ukaniambia nikilaze chini kwa nyuma nione moto ndani ya kioo, kwa sababu wewe magoti yamekataa. "Buluu?" ukaniuliza. Nikasema buluu. "Haina moshi?" Haina. "Basi kuanzia leo ni wewe macho yangu." Sikio likapona, mimi nikabaki. Miaka sita, Baba. Nimeolewa nikiwa hapo, nimebeba mimba nikiwa hapo, kila asubuhi buluu, Baba, buluu.

Na sheria yako ilikuwa moja. "Vere, kama unaona ndevu, hapana uliza termometre. Termometre inasemaka ya sasa. Ndevu inasemaka ya jana."

Nilichukua muda kuelewa. Unga unakuja wenyewe, baridi ikiwa imekaa mahali pake. Lakini ndevu haziji mpaka ile barafu ya juu iyeyuke kwanza, iwe maji, ianze kudondoka, ndipo baridi irudi na kuyakuta maji yako njiani. Ukiona ndevu ndani ya friji ya chanjo, moto ulizimika, na mtu ameuwasha tena. Na dawa iliyopata joto haikuambii kitu. Chupa ni ile ile, rangi ni ile ile. Unamchoma mtoto, analia, mama yake anashukuru, anamrudisha nyumbani akijua amekingwa. Kumbe umemchoma maji.

Wakati wako sikuziona hata mara moja. Nilizijua kwa maneno tu, kama ninavyomjua simba.

Wiki mbili na siku kadhaa zilizopita mafuta ya taa yalibaki kidogo. Dukani hapa hakuna, Rubondo hakuna. Chanjo ya surua ilikuwa imeshafika, masanduku mawili, inangoja Alhamisi, siku ya watoto. Nikasema niende mwenyewe Mbarara, nirudi Jumapili. Friji nikamwachia Bwana Tumwine. Humjui. Ndiye mganga waliyemleta baada yako kuondoka, kijana wa Mbarara, mpole, tunamwita daktari ingawa mwenyewe anasema asiitwe hivyo. Hajapata usingizi wa maana tangu afike. Nilimwonyesha kioo, nikamwonyesha buluu.

Nilipanda lori la matoke, Gasana mgongoni. Huko Mbarara, yule Haji aliyekuwa akikuuzia tambi za friji aliniuliza, "Mzee wa friji yuko wapi, mbona amekutuma wewe?" Nikamwambia. Akasema inna lillahi, akaketi juu ya gunia, na wateja wakangoja. Kisha akanitafutia mafuta, jerikeni mbili, sijui aliyatoa wapi, mji mzima ulikuwa unalia mafuta.

Wakati wa kurudi ndipo tulipokutana na kizuizi cha askari. Waliwashusha watu wote, lori likaambiwa liende bila mimi. Askari mmoja kijana akapiga teke jerikeni. "Wewe mama, mafuta mingi hivi ya nini? Unapelekea watu ya msituni?" Nikasema ni ya friji, afande. Baba, walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Friji ya kambi! Nyinyi iko nakunywa bia baridi huko?" Nikasema ni ya dawa ya watoto. Yule kijana akaacha kucheka. "Friji nakula mafuta ya taa? Mimi nilisoma, mama. Usidanganye serikali."

Ningemweleza nini? Hata mimi nilikucheka.

Walinikalisha pembeni ya barabara siku hiyo, na Jumatatu, na Jumanne. Walinipa maji, siwasingizii, na mwanamke mmoja wa kambi yao alimletea Gasana uji. Lakini kila lori likipita, yule kijana alikuwa ananielekezea wenzake kwa bunduki: "Huyu ndiye mama ya friji." Kulikuwa na wanaume wawili wamekalishwa upande wa pili wa barabara. Jumanne asubuhi hawakuwepo, na sikuuliza. Nilimfunika mtoto kichwa na khanga, nikawa naangalia miguu yangu.

Jumatano alikuja askari mzee, nywele zina mvi, akasikiliza ile hadithi akasema, "Iko. Friji ya namna hiyo iko. Nimeiona misheni." Basi. Neno moja la mtu aliyeona. Wakanipakia kwenye gari lililokuwa linapita, na jerikeni moja. Ya pili ilibaki kwao.

Niliingia dispensari mchana. Nikalaza kioo kabla hata ya kumshusha mtoto. Moto buluu, haina moshi. Tumwine alikuwa amesimama nyuma yangu, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. "Termometa iko kwenye nne, nyabo," akasema. "Nilikutunzia vizuri." Nikamshukuru. Nilikuwa nimechoka, Baba, sikufungua mlango. Hilo ni kosa langu nami nalijua.

Alhamisi asubuhi mstari ulikuwa umeshafika kwenye mti wa msalaba wa kanisa. Sijawahi kuona mstari kama ule. Wa zamani na wapya, watoto mgongoni, watoto mkononi, na kikohozi kinapita kutoka huyu hadi yule. Wangu alikuwa namba ya kumi na kitu, nilimwacha kwa jirani anishikie zamu. Ametimiza miezi tisa, ilikuwa siku yake.

Nikafungua friji kutoa sanduku la kwanza.

Zilikuwa tatu. Chini ya kile kisanduku cha juu, zimepangana, mbili fupi na moja ndefu kama kidole changu hiki cha shahada. Safi, zinang'aa. Nitakuambia ukweli, zilikuwa nzuri. Nilisimama pale mlango uko wazi, jambo ambalo ungenigombeza, nikawa naziangalia. Termometa ilikuwa kwenye nne.

Nikafunga mlango. Nikamwita Tumwine, nikamwambia leo hatuchomi.

Alidhani nimeugua. "Verediyana, soma termometa. Iko kwenye nne."

"Kuna ndevu."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Hata mimi nina ndevu. Utanitupa na mimi?"

Nikamwuliza, moto ulizimika lini? Akasema haukuzimika. Nikamwuliza tena, taratibu, kama ulivyokuwa unaniuliza mimi nikivunja chupa: moto ulizimika lini? Akaangalia nje kwenye mstari, akaniangalia mimi. Akafunga mlango wa chumba.

Jumapili, mimi nikiwa nimekalishwa barabarani, waliletewa mwanamke wa kujifungua, mtoto amekaa vibaya. Taa ya wodi ilikuwa imekauka na jiko la kuchemshia vyombo limekauka. Akafungua tangi la friji akachota. Akachota tena Jumatatu, kwa sababu mwanamke alikuwa bado. Alifikiri friji ikifungwa itakaa na baridi yake mpaka nirudi. Jumanne mchana ndipo alipopata chupa mbili za mafuta kwa mwalimu mkuu, akawasha tena. "Mama yu hai," akaniambia. "Na mtoto yu hai. Ungefanya nini wewe?"

Ningechota, Baba. Nilimwambia hivyo. Ningechota vile vile, nikasema, lakini ningesema.

Akajiinamia. "Niliogopa. Ukiutazama mstari ule, nani atakayeuambia urudi nyumbani?"

Basi nikaenda kuuambia mimi.

Nilisimama mlangoni nikasema dawa imeharibika, tunaleta nyingine. Kelele zilizotoka hapo sitaziandika zote. Mama mmoja wa wapya, anaitwa Mukandori, ana watoto watatu na wa mwisho alikuwa amelala begani kwake anapumua kwa nguvu, alinijia mpaka karibu na uso. "Ninyi wa zamani mmeshajizoesha kujifungia. Dawa mnawawekea watoto wenu!" Wengine wakaitikia. Jirani yangu akapandisha sauti, "Wangu ni wa zamani naye pia hachomwi, kwani huoni?" Wakaanza kusukumana.

Nikarudi ndani. Nikavunja zile ndevu, zote tatu, nikaziweka kwenye bakuli la bati, nikatoka nalo. Nikampa Mukandori alishike. Nikasema, "Hizi ni ndevu, hazitakiwi kuwepo. Zikiwepo, ujue joto liliingia ndani, na dawa imekuwa maji. Gusa, kisha mpe mwenzako." Aligusa, akatoa mkono haraka kana kwamba ameungua. Wengi pale hawakuwahi kugusa barafu. Mtoto mmoja akalamba, akakunja uso, watu wakacheka kidogo, hata siku ile walicheka. Bakuli likaenda kutoka mkono hadi mkono. Lilipofika kwenye mti wa msalaba, bibi wa mwisho akapiga kelele kutoka kule, "Wewe binti! Hizo ndevu ziko wapi? Haya ni maji matupu!"

Nikamwambia, "Ndivyo hivyo, bibi. Na dawa nayo imefanywa hivyo."

Wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mukandori alikuwa wa mwisho. Nilimwambia asimpeleke yule mdogo kwenye vibanda vyenye wagonjwa, amkalishe nje kwenye hewa, ampe maji. Akasema, "Nje ni wapi? Sisi sote tuko nje."

Nilimchukua Gasana wangu nikarudi naye bila sindano. Baba yake aliniuliza mlangoni, "Umemnyima mtoto wako sindano kwa ajili ya barafu?" Nikasema ndiyo. Akarudisha macho barabarani.

Zile chupa tulizichoma kwenye shimo, mimi na Tumwine. Kesho yake Ijumaa akachukua sanduku la baridi akaenda Mbarara mwenyewe. Hakuniruhusu niende, alisema mama ya friji anajulikana sana barabarani. Niliangua kicheko, halafu nikaogopa. Siku ya tatu hakurudi. Siku ya tano hakurudi. Watu wakaanza kusema amekimbia, wengine wakasema jambo jingine kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nalaza kioo asubuhi na jioni kwa ajili ya friji ambayo ndani haikuwa na kitu. Buluu. Nilimwambia nani? Nilisema tu, kwa sauti.

Yule mtoto mdogo wa Mukandori alikufa siku ya tisa.

Nilikwenda kuzika. Nilisimama nyuma, sikujua kama nina haki ya kusimama mbele. Siku mbili baadaye Mukandori akaja mwenyewe dispensari, mikono mitupu, akasema, "Nionyeshe mahali zilipokuwa." Unajua kwamba mlango haufunguliwi bila sababu. Nilifungua. Ndani kulikuwa na unga tu, mwembamba, mweupe, umejipaka vizuri. Akaingiza mkono, akaupitisha chini ya kisanduku pale nilipomwonyesha, polepole, kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea kwenye mkeka. Akatoa mkono akautazama.

"Kama mngemchoma siku ile?" akaniuliza.

Nikamwambia alikuwa ameshaanza kuumwa, na dawa ilikuwa imeharibika. Akatikisa kichwa. "Mimi nauliza kama ingekuwa haijaharibika." Nikasema sijui. Akasema, "Basi." Hakusema kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira.

Tumwine amerudi jana Jumanne. Siku kumi na mbili. Chanjo ilikuwa imekwisha Mbarara, akalala kwenye veranda ya hospitali akingoja ije kutoka Kampala, na njiani alishushwa kama mimi. Sanduku hakulifungua mtu, alilikalia. Amekonda. Nimeipanga dawa kwenye friji kwa mikono yangu, na mlango nimeufunga mimi.

Lakini ameniletea na jambo lingine, na hili ndilo linaloniuma. Alimweleza dada anayetunza chanjo kule hospitali habari yote, siku ngapi moto ulikuwa umezimika, zile ndevu. Yule dada akamwambia tulifanya sawa kuitupa, ndiyo kanuni. Kisha akasema labda nusu ilikuwa nzima. Labda yote. Labda hakuna hata moja. Hakuna mtu wa kujua, chupa haisemi.

Labda, Baba. Wewe hukuwahi kuniambia kuhusu labda.

Gasana ana homa tangu jana jioni. Anakohoa. Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu, nikajiambia ni moshi wa jiko. Alhamisi ile, kwenye mstari, mtoto wa Mukandori alikuwa begani kwa mama yake, na jirani yangu amesimama nyuma yao na wangu mkononi. Nimehesabu siku na vidole, na hesabu inakubali. Sijaangalia nyuma ya masikio yake leo. Nimechukua karatasi hii ili nisiangalie.

Baba yake alinifuata hapa kabla mtoto hajalala. Alinisimamia. Nilidhani atasema lile alilolisema mlangoni. Akasema, "Kesho utawachoma wale wengine?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mimi nitakaa naye. Nitamshika mimi." Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu arudi kutoka Endiinzi.

Nimejiuliza sana, nikiwa nachota maji, nikiwa nanyonyesha. Kama ningefumba macho asubuhi ile, nikazikwangua zile ndevu kimya kimya kabla mtu hajaona, nikawachoma. Labda wangu angekuwa mzima leo. Na mama wote wale wangerudi kwenye vibanda na furaha, wakawalaza watoto wao karibu na wagonjwa, wakijua wamekingwa. Nikiwaza hivyo, jibu langu linarudi pale pale. Ningefunga mlango tena. Ningeufunga nikilia, lakini ningeufunga. Sitaki unifikirie mgumu. Nimekuwa mgumu sehemu moja tu, na sehemu hiyo uliniwekea wewe.

Neno lako limetoka, ujue. Mimi nililitaja siku ile moja tu. Leo asubuhi mama mmoja alipita kuuliza kama kesho kuna sindano. Nikasema ipo. Akauliza, "Mmeangalia ndevu?" Aliuliza kama anavyouliza kama chumvi imetiwa. Nikamwambia kesho aje mapema, nitafungua mbele yake, aangalie mwenyewe.

Hiyo ndiyo ahadi yangu. Kuanzia kesho sifungui peke yangu. Kila Alhamisi, kabla ya sindano ya kwanza, mama wawili watasimama nami, mmoja wa zamani na mmoja wa wapya, tuinamishe vichwa pamoja tuangalie chini ya kile kisanduku. Nikikosea watanisahihisha. Nikiogopa wataniona. Na mafuta yakichotwa, atakayechota atasema, hata kama amechota kwa ajili ya kuokoa mtu. Tumwine amekubali. Mukandori nimemwomba awe wa kwanza, ana wawili waliobaki. Hajanijibu, lakini hakukataa.

Mtoto anaamka. Nasikia anavyokohoa, ndiye.

Naenda sasa kumwangalia nyuma ya masikio. Lala salama, Baba Anakle, na asante kwa macho uliyonipa, hata kwa kile yanachokiona leo. Nikija Rubondo nitang'oa majani, yamekuwa mengi juu yako.

Na kama mtoto wangu atafika huko, utamjua, ana kovu la uji wa moto kwenye mguu wa kushoto. Mpokee, mbebe, yeye hulala akisuguliwa mgongo. Lakini asipokuja mwenyewe, usimwite. Nakuomba, Baba. Usimwite.

Ni mimi,
Vere